Uzima si ujana

Mwezi Machi mwaka jana mama yangu aliacha kumeza dawa zake za presha bila kumwambia mtu. Alikuwa na miaka 63. Presha anayo tangu nikiwa kidato cha tatu, na miaka yote hiyo vidonge vyake vimekaa ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati la vyombo. Kumbe kuna muuzaji alipita mtaani kwao, Korogwe, na begi lililojaa chupa ndogo za rangi ya kahawia. Lebo ya chupa ilikuwa na maelezo mengi ya herufi ndogo, lakini juu kabisa yalikaa maneno matatu makubwa: INARUDISHA UJANA WAKO. Akamwambia mama, ukianza hii, zile za hospitali zipumzishe kwanza, zisije zikagombana. Chupa moja shilingi 40,000. Mama akachukua mbili.

Wiki ya tano akaanguka jikoni.

Kiharusi, wakatuambia, ila chepesi. Mdomo ulikwenda upande, mkono wa kushoto ukagoma. Nilisafiri usiku kutoka Dar, nikamkuta kitandani anajaribu kutamka jina langu, linatoka nusu. Sina haja ya kuwachosha kwa habari za wodini; aliyewahi kuuguza anazijua, na ambaye hajauguza Mungu amwepushie. Ninachotaka kusema ni kwamba ile chupa niliitia kwenye mkoba wangu, na kwa miezi minane niliyokuwa nikienda na kurudi Korogwe nilikuwa naitoa na kuisoma kwenye basi. Kazi yangu ni maneno, nahariri habari za wenzangu kila siku, na haya matatu nilishindwa kuyapita. Inarudisha. Ujana. Wako. Tangu lini Mswahili anarudishiwa ujana?

Maana sisi tumelelewa na methali inayosema kinyume: ujana ni moshi, ukienda haurudi. Nimeisikia kwa bibi, nimeiandikia insha shule ya msingi, nimeiona nyuma ya malori. Methali hii haina mlango wa uani. Moshi hauzoleki.

Tazama pia vitenzi vyetu. Tuna kukua, kukomaa, kupevuka, kuzeeka, kuchakaa, na tuna kukonga, ambako ndiko alikotoka kikongwe. Tuna hata kuzeesha, ambalo siku hizi limekuwa shtaka kamili: mpe shikamoo dada wa miaka 38 kwenye daladala uone. "Usinizeeshe bwana!" Safari ya kwenda mbele ina vitenzi tele. Ya kurudi nyuma haina. Kutoka neno kijana sijawahi kusikia kitenzi cha mtu mzee kugeuka kuwa kijana; inabidi tuunge maneno mawili matatu, kurudi ujana, kurejea ujanani, na ukiyasikia unajua yameungwa. Lenyewe kijana ni ndugu wa mwana, mzizi ule ule ambao katika lugha nyingi za Kibantu unamtaja mtoto. Ukimwambia mtu wa miaka 63 arudi kuwa kijana, kwa mzizi wa neno unamwambia arudi kuwa mtoto wa mtu.

Nikaona basi nitafute: ni nani hasa waliowahi kuwa na neno hilo, na liliwafikisha wapi?

*

Wenye neno ni wengi. Wafaransa na Waingereza walichukua neno la Kilatini juvenis, yaani kijana, wakalifanyia kitenzi cha kumrudisha mtu huko. Wajerumani wana Verjüngung. Waarabu, waliotukopesha shababi kwa kijana na shaibu kwa mzee, wana kitabu mashuhuri cha mambo ya chumbani na dawa zake ambacho jina lake tu linatosha: Kurudi kwa Mzee Kwenye Ujana Wake. Huhusishwa na Ibn Kemal Pasha, mwanazuoni wa dola ya Uthmaniya aliyefariki mwaka 1534. Kwa hiyo wale wanaouza vumbi na mizizi ya "heshima ya ndoa" pale stendi wana ukoo mrefu kuliko wanavyodhani.

Lakini wa zamani kuliko wote niliowakuta wako Mesopotamia, Iraq ya leo. Utendi wa Gilgamesh uliandikwa juu ya mabamba ya udongo, na nakala yake maarufu ilifukuliwa Ninawi, kwenye maktaba ya mfalme Ashurbanipal wa karne ya 7 kabla ya Kristo. Mwaka 1872 sehemu yake ilisomwa London na George Smith, mtu ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchonga mabamba ya kuchapia noti. Gilgamesh amefiwa na rafiki yake Enkidu, anahofia kifo, anatembea mpaka mwisho wa dunia kutafuta dawa. Anaelekezwa mmea wenye miiba ulioko chini ya maji. Anaufuata, anaupata. Na jina la mmea huo katika Kiakadi ni sentensi nzima: mzee amekuwa kijana.

Kuna jambo moja dogo pale ambalo lilinikaa rohoni. Gilgamesh hali mmea huo papo hapo. Anapanga kuupeleka kwao Uruk, akaujaribu kwanza kwa mzee mmoja. Mfalme mzima, na wazo la kwanza ni lile lile la muuzaji wa Korogwe: tuanze na wazee. Njiani anasimama kuoga kwenye bwawa la maji baridi, nyoka ananusa harufu, anaunyakua mmea na kwenda zake, na hapo hapo anajivua gamba. Gilgamesh anakaa chini analia.

Nyoka huyo tunaye na sisi. Waoromo, ambao baadhi yao wamekuwa majirani wa Waswahili wa Lamu na Mto Tana kwa karne nyingi, wana hekaya iliyoandikwa na Alice Werner, mama wa Kiingereza aliyekuja kuwa mwalimu mkubwa wa Kiswahili London. Mungu alimtuma ndege awaambie binadamu kwamba wakizeeka wavue ngozi zao, watakuwa vijana tena. Njiani ndege akamkuta nyoka anakula nyama, akaitamani. Akamwambia, nipe nyama nikupe ujumbe. Ujumbe ukabaki kwa nyoka. Sisi tukabaki na ngozi zetu. Ndege naye aliadhibiwa kwa maradhi yasiyoisha, ndiyo maana analia mpaka leo.

Iraq na Mto Tana ni mbali, na sidai kwamba hadithi moja ni mtoto wa nyingine. Nasema tu kwamba popote watu walipotazama gamba la nyoka limelala kwenye majani, waliwaza jambo moja: huyu anaweza, sisi hatuwezi. Hadithi zote mbili zinajua neno la kurudi ujana, na zote mbili zinamwachia nyoka.

*

Binadamu hakukubali. Tarehe 1 Juni 1889, mjini Paris, daktari mmoja mwenye sifa kubwa alisimama mbele ya chama cha wanabiolojia akasema ameupata. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Port Louis, Mauritius, kwa hiyo ni mtu wa Bahari hii hii ya Hindi. Alikuwa na miaka 72. Akaeleza kwamba amejidunga sindano za maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na za wanyama wadogo wa maabara, na kwamba sasa anapanda ngazi mbio, anafanya kazi saa nyingi, hata choo kinakwenda vizuri. Wenzake wengine walicheka, wengine wakaomba dawa. Habari ikaenea magazetini, na wauzaji hawakungoja. Alifariki mwaka 1894, miaka mitano tu baadaye. Leo inajulikana kwamba maji yale hayangeweza kubeba homoni ya kutosha kufanya lolote la maana. Nguvu aliyoipata ilitoka kwenye imani yake mwenyewe.

Baada yake akaja Serge Voronoff, mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi Ufaransa, na kabla ya hapo Misri, ambako aliwachunguza matowashi na kuona wanazeeka upesi. Kuanzia mwaka 1920 alipandikiza vipande vya korodani za nyani na sokwe kwa wanaume waliotaka kurudi ujana. Wenye pesa walijipanga. Wanyama walitolewa Afrika. Miaka michache baadaye wagonjwa wakawa wamezeeka vile vile, na jina la Voronoff likawa kichekesho. Karibu wakati huo huo, Vienna, Eugen Steinach alikuwa akifunga mirija ya uzazi ya wanaume kwa ahadi hiyo hiyo, mshairi W. B. Yeats alifanyiwa upasuaji wa aina hiyo mwaka 1934, akiwa na miaka 68.

Nilipokuwa nasoma haya kwenye basi kati ya Chalinze na Segera sikucheka. Hawa walikuwa madaktari, maprofesa, washairi waliopata Nobel. Mama yangu aliishia darasa la saba. Kama neno lile liliwapata wao, nani angemlaumu yeye?

*

Na sisi hapa nyumbani, tukitaka kusema nguvu imerudi, tumekuwa tukisema nini?

Nianze na siasa, maana ndiko maneno yanakotumika hadharani. Kizazi cha uhuru hakikuuza ujana. Nyerere alikuwa na miaka 39 bendera ilipopandishwa Desemba 1961, umri ambao leo tungesema "rais kijana", lakini jina lililomkaa ni Mwalimu. Kenyatta alikuwa Mzee, Karume alikuwa Mzee, na hata Laurent-Désiré Kabila alipoingia Kinshasa mwaka 1997 Wakongo walimwita Mzee. Uzee ulikuwa cheo. Hakuna aliyetaka kuurudisha dukani.

Mwaka 2005 upepo ukageuka. Jakaya Kikwete, mwenye miaka 55, aligombea urais kwa maneno ambayo kila Mtanzania wa rika langu anayakumbuka: ari mpya, nguvu mpya, kasi mpya. Hata hapo, ukiyasoma tena, hayasemi ujana. Yanasema mpya, na mpya haikuahidi kumrudisha mtu popote.

Halafu ikaja 2011, na yule nyoka akatoka majanini. Chama tawala kilitangaza kwamba kinajivua gamba. Aprili mwaka huo sekretarieti nzima ikajiuzulu. Julai mbunge mmoja mkubwa, Rostam Aziz wa Igunga, akaachia kiti. Nilikuwa chuo kikuu wakati huo, na nakumbuka mjadala ulivyohama kutoka siasa kwenda biolojia. Kwenye vijiwe vya kahawa watu waliuliza swali moja tu: nyoka akishajivua gamba, anakuwa nani? Hakuna aliyehitaji shahada kulijibu. Tangu siku hizo, ukimwambia mtu amejivua gamba, huwezi kuwa na hakika kama unamsifu au unamsema.

Mwaka huo huo wa 2011, kaskazini, maelfu ya magari yalikuwa yanaelekea kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alikuwa anatoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Foleni ilikuwa ya kilometa na kilometa, na wapo wagonjwa waliofia njiani. Mama yangu alikwenda. Alipanda basi na wanakwaya wenzake, wakalala porini siku nne, akanywa.

Sasa nataka msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoelewa chupa ya kahawia. Mwaka 2011 mama alikunywa kikombe cha Babu na akaendelea kumeza vidonge vyake. Mwaka jana alikunywa matone ya muuzaji akaviacha. Ni mama yule yule, presha ile ile. Tofauti iko wapi?

Nilimuuliza, siku mdomo uliponyooka. Akaniambia, "Kule kwa Babu walisema nitapona. Sasa mtu anayepona si bado ni mgonjwa mpaka apone? Nikawa nameza. Huyu aliniambia nitakuwa kijana. Nilipokuwa kijana presha sikuwa nayo."

Nilinyamaza. Mtu wa darasa la saba alikuwa amenieleza neno ambalo nilikuwa nalizungusha miezi yote. Kupona kunaukubali ugonjwa, kunapita katikati yake. Kurudi ujana kunarudi nyuma mpaka kabla ya ugonjwa, mahali ambapo kopo la biskuti lina biskuti. Akaongeza, kwa sauti ya chini, "Nilitaka hata siku moja tu niamke sina kitu cha kukumbuka kumeza."

Nikamkumbuka Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa Pate, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu. Karibu mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wosia unaosomwa mpaka leo. Alifariki muda mfupi baadaye, yapata 1860. Mtu anaitwa Kupona, na hakupona. Lakini alitumia ugonjwa wake kusema na mwanawe, badala ya kuusema haupo.

*

Desemba mama alianza kutembea mwenyewe mpaka sokoni. Mkono wa kushoto bado mzito, ila anashika kikapu. Siku ya Krismasi nyumba ilijaa, na mimi nikakaa pembeni nikisikiliza kila mtu anavyoisema afya yake, maana karibu kila mgeni alikuja na neno lake.

Jirani wa mkono wa kulia alisema, "Mwili umerudi." Neno la kawaida kabisa, lakini tazama kinachorudi: ni mwili. Miaka haikutajwa.

Mke wa mchungaji alisema, "Mama umenawiri!" Kunawiri kumetoka kwenye Kiarabu, ukoo mmoja na nuru. Mtu aliyenawiri ana mwanga usoni, kama jani lililopata mvua. Hili neno halina umri. Mtoto hunawiri, bibi hunawiri, mahindi hunawiri. Ni tofauti na kuchipua. Kisiki kikichipua, kinachokuwa kichanga ni chipukizi. Kisiki kinabaki kisiki. Na mgomba ukishazaa hukatwa, yanabaki machipukizi yake. Ndiyo maana msanii anayeanza tunamwita chipukizi, lakini hatumwambii bibi kwamba amechipua. Kwenye shamba la Kiswahili anayerudi kuwa mchanga ni mtoto wako.

Mwanakwaya mmoja alisema, "Umefufuka." Mama akamkata: "Sikufa mimi." Kufufuka lina makaburi ndani yake, na siku ya kiyama, kwa Wakristo na Waislamu sawa. Tumelipunguza makali kwa kulitumia kila mahali: tunafufua viwanda, tunafufua reli, timu ikishinda mechi mbili imefufuka. Hata kuhuisha, neno lililotoka kwenye uhai wenyewe, leo simu inakwambia uhuishe programu. Lakini kwa mtu aliyetoka kitandani, kufufuka bado ni neno zito, na mama alilipima akalirudisha.

Mjomba, ambaye hawezi kukaa dakika tano bila siasa, akasema dada yake amejivua gamba. Watu wakacheka sana. Mama naye akacheka: "Kwa hiyo mimi ni nyoka?"

Mwisho shangazi, kwa upendo kabisa, akamshika mashavu: "Wifi, umerudi msichana! Umerudi ujana kabisa!"

Mama hakucheka. Alimtoa shangazi mikono taratibu akasema, "Usiseme hivyo, wifi. Mimi ni mzima. Inatosha."

Mzima. Neno hili tunalitumia mara ishirini kwa siku, mpaka hatulioni. Mzima? Mzima. Nyumbani wazima? Wazima. Kiswahili kimefungasha ndani yake mambo manne. Aliye hai ni mzima. Asiyeumwa ni mzima. Kisichokatwa ni kizima: mkate mzima, siku nzima. Na aliyevuka utoto ni mtu mzima. Si sisi peke yetu. Wakikuyu wana neno mũgima, ambalo nalo ni mwenye afya, ni kamili, na mũndũ mũgima ni mtu mzima. Wanyarwanda wakisema ubuzima wanasema uhai na afya kwa pamoja. Kwa lugha hizi mtu haanzi kupungua siku anapouacha ujana. Siku hiyo ndipo anapokamilika. Kijana bado ana vipande vinavyosubiri kuungwa. Ndiyo maana tuna methali nyingine, fupi kuliko ile ya moshi: utu uzima dawa.

Kwa hiyo nguvu zikikurudia, Kiswahili hakikupeleki nyuma. Kinasema umekuwa mzima tena, umeungwa pale ulipovunjika, ukiwa na miaka yako yote. Miaka 63 na mkono mzito na kopo la vidonge vinaweza kuwamo ndani ya uzima. Ndani ya ujana haviingii.

*

Nisije nikaandika kana kwamba lugha yetu ni kinga. Mama aliijua methali ya moshi kabla sijazaliwa, na bado alitoa 80,000. Waswahili wanapaka piko kwenye mvi. Wazee wetu wanajiita "vijana wa zamani" wakiwa kwenye muziki wa zilipendwa, na wanalisema kwa raha. Hamu ya kurudi ni ya watu wote, na neno la mzima halikumzuia muuzaji kuandika lebo yake kwa Kiswahili fasaha.

Tena siku hizi ujana una bei kuliko zamani. Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul Julai 2006, unasema kijana ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Katiba ya Kenya ya 2010 inaanzia 18 na inakufungia mlango ukifika 35. Ujana umekuwa kama kitambulisho chenye tarehe ya kwisha: kuna mikopo, kuna ufadhili, kuna mashindano ya uandishi, yote "kwa vijana". Mwaka huu nimetimiza 36. Juzi nilikuwa najaza fomu ya mafunzo ya waandishi, nikafika kwenye mwaka wa kuzaliwa, na nakiri kidole kilisita. Kwa sekunde kama tatu nilimwelewa mama, nikamwelewa na Gilgamesh.

Mama anasema yule muuzaji hakuzidi miaka 25. Labda alimaliza shule akakosa kazi, akapewa begi. Alikuwa na ujana wa kutosha mwenyewe, na alikuwa anatembea juani akitafuta wa kumuuzia. Sijamsamehe, lakini huwa namfikiria.

Chupa ya kwanza bado ninayo mezani hapa ninapoandika. Ya pili haikufunguliwa; mama alimwaga matone, akaiosha kwa maji ya moto, sasa anawekea mafuta ya nazi ya kupaka mkono wa kushoto kabla ya mazoezi. Lebo imeshatoka karibu yote.

Kila siku saa mbili usiku nampigia. Hatuna mazungumzo marefu. Mzima? Mzima. Umemeza? Halafu nasikia kopo la biskuti likifunguliwa, na vidonge vinavyogongana ndani yake. Jana nilimwambia naandika habari hii, nikamuuliza kama kuna kitu angependa watu wajue. Akafikiri kidogo.

"Waambie nameza," akasema.